Kupunguza mtetemo wa grenda mkononi

Fundi anayekata na kusaga chuma kutwa nzima hupokea mtetemo wa mashine kupitia viganja vyake, na mtetemo huo ukiendelea kwa miaka huharibu mishipa ya damu na ya fahamu vidoleni. Huanza na ganzi, kisha vidole hugeuka vyeupe penye baridi, na hatimaye hata kuokota skrubu huwa taabu. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton alichunguza hali hiyo kwa wachonga mawe wa Bedford, Indiana, nchini Marekani, waliotumia nyundo za hewa. Ganzi iliyokomaa haiondoki kwa urahisi, hivyo mashine ishughulikiwe mapema.

Wengi huanza kwa kuuzungushia mpini mpira wa tyubu, lakini hapo sipo pa kuanzia, kwa sababu mtetemo huzaliwa kwenye diski na mpini huupokea tu. Chomoa waya kwenye soketi, fungua nati, toa diski na flanji zake, yaani visahani vya chuma vinavyoibana, kisha uchomeke waya tena na kuiwasha grenda ikiwa tupu. Ikitulia, kasoro iko kwenye diski au katika ufungaji wake; ikiendelea kutetema, kasoro iko ndani.

Kwenye diski ndiko penye mengi. Grenda ndogo ya milimita 115 huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, na kwa mwendo huo uzito mdogo ulioegemea upande mmoja huivuta shafti, yaani mhimili unaoizungusha diski, zaidi ya mara 180 kila sekunde. Tundu la diski lina upana wa milimita 22.23 na linapaswa kukaa sawasawa juu ya bega la flanji. Flanji ya asili ikipotea na mahali pake pakawekwa wosha yoyote iliyopatikana karakanani, diski hukaa kando ya kitovu, na hata ikiwa mpya itatetema. Kwa hiyo nunua flanji inayofaa, futa vumbi la chuma pande zote mbili kabla ya kufunga, na usome tarehe ya mwisho wa matumizi iliyogongwa kwenye pete ya bati katikati ya diski. Diski zihifadhiwe pakavu, zikiwa zimelala. Zikiegemezwa ukutani hupinda. Iliyomegeka ukingoni itupwe, kwani inaweza kupasuka na kumjeruhi fundi.

Ikiwa kasoro ni ya ndani, chomoa waya, shika ncha ya shafti kwa vidole na uitikise: ikicheza, beringi zimekwisha na zinapaswa kubadilishwa. Shafti iliyopinda baada ya grenda kuanguka haifai kunyooshwa kwa nyundo.

Baada ya hapo ndipo ushughulikie mpini. Mpini wa pembeni usiachwe stoo, na ule wenye raba kati ya skrubu na mahali pa kushika hupunguza mtetemo iwapo raba bado ni laini. Glavu nene zina faida ya kuhifadhi joto la mikono, ila zisitegemewe kuzuia mtetemo. Bati au bomba libanwe vizuri kwenye jiliwa, na grenda ishikwe imara bila kukamuliwa, kwani kadiri mkono unavyobana ndivyo mtetemo unavyopita kwa wingi.

Muda nao una hesabu yake. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 linataka hatua zichukuliwe mtetemo unapofikia mita 2.5 kwa sekunde mraba kwa wastani wa saa 8, na linakataza kuvuka 5. Mtetemo ukiongezeka mara mbili, muda salama hubaki robo, kwa hiyo mashine yenye mtetemo wa 5 hufikia kiwango cha kuchukua hatua ndani ya saa 2 tu za kushikwa ikiwa inazunguka. Kazi ndefu ya kusaga igawanywe kati ya mafundi wawili, mmoja akisaga huku mwenzake akipima na kupanga vyuma, kisha wapokezane.