Chora nane ya Jua, kisha ukokotoe umbo lake kwenye Mirihi

Weka alama ya mahali Jua lilipo saa sita kamili mchana, kila baada ya siku 7, kwa mwaka mzima. Alama zitachora namba 8. Kwenye Mirihi zingechora tone la maji.

Anza na ya Dunia. Toboa tundu la milimita 8 kwenye kadi ngumu na uikaze mita 1 juu ya ubao uliolala sawasawa. Usitumie ncha ya kijiti: Jua lina upana wa nusu digrii, kwa hiyo kwa kimo hicho ukingo wa kivuli hufifia kwa milimita 9 hivi, hujui kinaishia wapi. Tundu hutoa doa la mwanga. Weka alama katikati yake. Usichungulie Jua tunduni kamwe.

Kinachoharibu kazi ya wengi ni saa. Ukichelewa dakika 1, doa limeshasogea karibu milimita 4. Kama nchi yako husogeza saa kwa majira, wewe usisogeze. Ubao ukiguswa, anza upya.

Urefu wa 8 hutokana na mwinamo wa mhimili. Upana ndio wenye utamu: mwinamo huohuo huliwahisha na kulichelewesha Jua mara mbili kwa mwaka, na njia ya duaradufu hufanya hivyo mara moja, kwani sayari huenda mbio zaidi inapolikaribia Jua.

Dakika ambazo Jua huwahi au kuchelewa kwa kila sababu, kokotoa hivi. Mwinamo: tanjenti ya nusu ya pembe, kipeo cha pili, mara 229. Njia: kipimo cha uduaradufu (namba ionyeshayo njia imeachana kiasi gani na duara kamili) mara 2, mara 229. (Hiyo 229 ni dakika 1,440 za siku kugawanya kwa 2π, kwa sayari nyingine, gawa siku yake yenyewe sehemu 1,440.)

Dunia, digrii 23.4 na 0.0167: dakika 9.8 kwa 7.7. Mwinamo unashinda, mistari inakatana. Mirihi, digrii 25.2 na 0.0934: 11.4 kwa 42.8. Hapo njia imeumeza mwinamo, kitanzi kidogo cha 8 kimetoweka. Mshtarii umesimama karibu wima, digrii 3.1, hivyo hubaki na duaradufu tupu.

Hesabu hii usiipeleke Utaridi. Kutoka adhuhuri hadi adhuhuri huko ni siku 176 za Dunia, sawa na miaka yake 2 kamili, kwa hiyo alama zote zingeangukia nukta moja.