Kubadilisha kabureta ya injini ya Toyota 5K, na kutibu gari linalozima kwenye sailensa

Kabureta mpya ikishafungwa na gari likakataa kutulia kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila wewe kukanyaga mafuta, wengi hukimbilia bisibisi. Skrubu za kuseti kabureta ziache kwanza. Mara nyingi kinachosumbua ni hewa inayoingia chini ya kabureta, au waya uliosahaulika wa solenoidi, kifaa cha umeme kinachofungua njia ya petroli ya sailensa.

Kabla ya kununua, maliza upande wa umeme: plagi ziwe na nafasi ya mm 0.8, pointi za distributa (vile vidole viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ndani yake) mm 0.45. Pointi zilizoungua hufanya gari limisi hivyohivyo, na kabureta ikalaumiwa bure. Dukani nenda na ile ya zamani. Zigeuze zote mbili chini juu, linganisha matundu ya nati, midomo ya mipira, upande wa mkono wa akselereta na aina ya choki, kile kilango cha hewa cha kuwashia injini baridi.

Kufungua. Injini iwe imepoa na terminali hasi ya betri imetolewa. Toa eya klina, kisha piga picha mipira yote kabla hujachomoa hata mmoja. Kinga petroli ya kwenye mpira kwa kikopo, toa kebo, halafu nati 4 kwa spana namba 12. Kabureta ikitoka tu, ziba tundu la manifoldi lililobaki wazi chini yake kwa kitambaa safi. Pete ya nati (washa) ikidumbukia humo utafungua mengi kuitafuta.

Kikao, yaani pale kabureta inapokalia. Hapa usiwe na haraka. Kwangua gasketi ya zamani yote, kisha simamisha rula ya chuma kwa ukingo juu ya kikao na juu ya insuleta, lile bamba jeusi gumu la katikati. Ukiona mwanga ukipenya chini ya rula, pamepinda na hewa itapita. Insuleta usiiache nje: kwenye 5K manifoldi ya ekzosi iko chini ya kabureta, na bila bamba hilo petroli huchemka kwenye kikombe cha floti, kile kinachotunza petroli ndani ya kabureta. Weka gasketi mpya juu na chini yake, kavu. Silikoni ya kawaida huyeyushwa na petroli, vipande vikaenda kuziba jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli.

Kaza nati kwa mshazari, kidogo kidogo.

Kuunganisha. Rudisha kebo na mipira, kisha terminali ya betri. Mpira wa distributa unakwenda kwenye mdomo mwembamba ambao, injini ikiwa kwenye sailensa, hauvuti kidole. Mdomo usiotumika uzibe kwa kifuniko cha mpira. Badilisha chujio la petroli siku hiyohiyo. Injini ikishapata petroli, izime, uvute mkono wa akselereta huku ukichungulia ndani: petroli itoke papo hapo kama uzi.

Sasa solenoidi, kile kikopo kidogo chenye waya ubavuni. Washa swichi bila kupiga stata, chomoa waya, uguse tena: lazima usikie "tak". Usiposikia, pima waya kwa taa ya majaribio. Waya ukiwa na umeme, solenoidi imekufa. Usipokuwa nao, tafuta fyuzi au waya uliokatika. Bila umeme huo njia ya slow jeti, jeti ya sailensa, inabaki imefungwa, na gari linakwenda vizuri ukikanyaga lakini linazima ukiachia.

Kuseti. Tazama kioo cha floti: mafuta yakae kwenye alama ya katikati. Yakizidi, huenda kuna uchafu kwenye nidili, ile sindano inayofunga petroli isizidi kuingia. Skrubu ya mchanganyiko ifunge taratibu mpaka iguse bila kuibana, kisha irudishe mizunguko 2 na nusu. Injini ikipata moto na choki ikiwa wazi kabisa, izungushe kidogo kidogo mpaka mwendo wa injini ufike juu kabisa, halafu kwa skrubu ya sailensa weka kati ya mizunguko 750 na 850 kwa dakika.

Likisita unapokanyaga ghafla, angalia pampu ya akselereta, ile inayorusha uzi wa petroli. Moshi mweusi ni choki iliyonasa au nidili inayovuja. Sailensa ikipanda na kushuka, washa injini ingali baridi, pulizia kisafisha kabureta kidogo kuzunguka kikao. Mlio ukibadilika, hewa inapita hapo. Ekzosi ikiwa ya moto usijaribu, itawaka.

Gari lililosetiwa Dar likihamia Mbeya, juu ya mita 1,600, hewa ni nyepesi na mchanganyiko unazidi petroli. Plagi zikitoka na masizi makavu, funga skrubu robo mzunguko uangalie tena. Masizi yakibaki hata kwa mwendo wa barabarani, tafuta main jeti (jeti ya petroli ya mwendo) ndogo zaidi.