Dada wa kazi hapa Mbeya: jinsi ya kumpata, na jinsi ya kukaa naye

Kazi yangu ya mshahara ni rasilimali watu. Ofisini hata mlinzi wa getini haanzi zamu kabla mkataba wake haujasainiwa. Lakini nyumbani, hapa Uyole, nilishachukua madada wanne kwa simu ya dalali tu, na hakuna aliyemaliza miezi mitatu. Mmoja aliondoka nikiwa bafuni naoga. Wa tano alikaa miaka minne, kwa sababu safari hiyo nilifanya nyumbani kile ninacholipwa kukifanya ofisini.

Hatua ya 1: Andika kazi kabla hujatafuta mtu

Chukua daftari. Mtoto ana umri gani? Nguo za baba anafua nani? Maji yakikatika, nani anabeba ndoo? Kuku je? Usiandike "na kazi ndogondogo", maana humo ndimo ugomvi wote unapolala. Ukikuta orodha inaanza saa 11 alfajiri na kuishia saa 4 usiku, jua umeandika kazi ya watu wawili.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu dada wa kazi kama inavyomhusu mhasibu: saa 45 za kawaida kwa wiki, siku ya mapumziko kila wiki, siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Najua, mtoto hajui saa 45 ni nini. Ndiyo maana kwangu mtoto akilala mchana dada naye analala, na jioni nikivua viatu tu nampokea mtoto.

Hatua ya 2: Nenda kwao

Dalali anakula pale dada anapohama, sasa kwa nini atake atulie kwako? Ulizia kanisani, msikitini, kwa mama anayekuuzia ndizi za Tukuyu. Wangu wa tano nilielekezwa na mama wa jumuiya yetu, nikapanda Costa mpaka kijijini kwao Ileje. Pitia kwa mtendaji wa kijiji upate barua ya utambulisho, kisha uone kitambulisho cha NIDA au cheti cha kuzaliwa. "Kamaliza darasa la saba" siyo umri. Sheria inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini kulea mtoto wa watu usiku na mchana siyo kazi nyepesi. Mimi chini ya 18 sichukui.

Zungumza na binti mwenyewe, pembeni. Muulize hapo kwao alikuwa anamlea nani. Anayekutajia mtoto kwa jina, na kwamba hapendi uji wa ulezi, huyo amelea kweli. Anayesema "kazi zote naziweza", endelea kumuuliza.

Halafu litakuja swali la mzazi. Kwangu lilikuja tukiwa tunakula viazi.

"Mwanangu, hela yake si utakuwa unanitumia mimi?"

"Hapana mama, samahani. Hela ni yake. Akitaka kukutumia, atakutumia mwenyewe."

Mama akamenya kiazi kingine, taratibu kabisa. Nilidhani nimeshamkosa binti. Kumbe binti alikuwa mlangoni, amesikia.

Hatua ya 3: Mshahara

Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa dada wa nyumba ya kawaida anayelala kwa mwajiri, na 120,000 kwa anayelala kwao. Viwango hivi hubadilishwa, kwa hiyo pita ofisi ya kazi uulize cha sasa, na ukumbuke kwamba hicho ni cha chini. Sabuni, pedi na chakula ni juu yako. Sahani ikivunjika, imevunjika. Lipa tarehe ileile kila mwezi, kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Ukimwandikisha NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe usimkate zaidi ya asilimia 10.

Hatua ya 4: Mkataba

Ukurasa mmoja, nakala mbili: kazi, mshahara, siku ya mapumziko, notisi. Mwezi wa kwanza notisi ni siku 7. Baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi, ni siku 28, kwake na kwako. Msomee kwa sauti, aulize, ndipo asaini.

Hatua ya 5: Wiki ya kwanza, omba ruhusa kazini

Hapa ndipo nilipoharibu kwa yule wa tatu. Alitoka Kyela, kwenye joto la ziwa, akaingia Uyole mwezi wa Julai. Nikampa blanketi moja. Jiko la gesi nilimwonyesha mara moja, nimesimama na mkoba begani. "Umeelewa?" "Ndiyo, dada." Wiki mbili baadaye jirani akaniita pembeni: "Mama Neema, dada wako kila asubuhi anakuja kwangu kupasha uji wa mtoto kwenye mkaa. Siku nikiwa sipo, mtoto anakunywa wa baridi." Mlio wa gesi ulikuwa unamtisha, na kusema aliona aibu. Ile "ndiyo" ilikuwa ya adabu tu.

Sasa siulizi kama mtu ameelewa. Namwambia, "Nionyeshe." Afungue mtungi, awashe, azime, afunge, kisha arudie kesho yake, mimi nikiwa nimekaa kimya kwenye kigoda. Vivyo hivyo kuogesha mtoto, kupima joto la maji kwa kiwiko, na nani apigiwe mtoto akichemka. Namba tatu ziko ukutani kwa maandishi makubwa. Blanketi ni mbili, na sweta, kabla hajaomba.

Hatua ya 6: Kuachana

Wa tano aliniambia Jumapili moja tukichambua mchele: anataka kwenda kusomea ushonaji. Akahesabu siku 28 kwa vidole, mbele yangu. Nilimlipa mshahara wake na siku za likizo alizokuwa anadai, nikamwandikia cheti cha utumishi, maana sheria inakitaka. Alikisoma mara mbili, akakikunja ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na nakala yake ya mkataba, ambayo mimi sikujua kama bado anayo.