Oili ya shokapu za mbele nayo hubadilishwa

Oili ya injini wengi tunaikumbuka. Ya shokapu za mbele hukaa mle miaka, mpaka ianze kuvuja. Ikichoka, pikipiki huinama sana mbele kila ukikamata breki, na kwenye rasta usukani unatetemeka.

Ukiamua kuibadilisha, legeza kifuniko cha juu kabla hujaichomoa shokapu. Ikishatoka itazunguka mkononi na utahangaika bure. Wakati wa kukifungua kabisa, kikandamize kwa kiganja na uweke uso pembeni, maana springi ya chini yake imebanwa.

Toa springi, igeuze shokapu, pampu hadi tone la mwisho, kisha tia oili ya shokapu, si ya injini. Pikipiki nyingi hutumia 10W (kipimo cha uzito wa oili), ila kitabu cha pikipiki yako ndicho cha kufuatwa. Kiasi ndipo mafundi wengi wa vijiweni wanapokisia kwa jicho. Pima kwa bomba la sindano, pande zote mbili sawasawa. Kuna wanaoongeza ili shokapu "ibebe mzigo". Mimi sikubaliani nao. Oili ikizidi, nafasi ya hewa inapungua, shokapu inakakamaa, na presha inaisukuma nje sili, yaani mpira unaozuia oili isivuje. Pampu polepole kutoa hewa, ndipo urudishe springi.

Kama sili tayari inavuja, ibadilishe hapohapo na ukague breki ya mbele: pedi zilizonyonya oili hazisafishiki, nunua mpya.