Somo: Kunyoosha skani iliyokaa upande bila kukata kona

Nimechoka. Kila wiki lazima mtu aniulize "mkuu nikizungusha skani kona zinapotea, nifanyeje", leo naandika mara moja na atakayeuliza tena namrushia hili. Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, ni ya bure na hata kompyuta yangu ya zamani hapa steshenari inaibeba.

1. Skani kwa DPI 300 (nukta 300 kwa kila inchi).

2. Toa kopi ya faili, fanyia kazi kopi. Ya kwanza usiiguse. Sababu utaiona hatua ya 4.

3. Bonyeza Shift+M (kifaa cha kupima), buruta kwenye mstari mrefu wa maandishi au wa jedwali, soma digrii chini ya dirisha. Usipime kwa ukingo wa karatasi, karatasi nyingi zimekatwa kwa kisu na jicho.

4. Bonyeza Shift+R (kifaa cha kuzungusha), na KABLA hujagusa picha nenda kwenye chaguo za kifaa, tafuta palipoandikwa "Clipping", weka "Adjust". Hapa ndipo nilipolia. Asubuhi moja nilinyoosha picha ya harusi ya mtu nikaweka "Crop to result" kona zisibaki tupu, mchana akaja mzee na hati ya mauziano ya shamba, imepinda kidogo tu, nikazungusha, nikaseva juu ya faili ileile, nikamtumia mwanae kwenye imeili, mzee akapanda basi na karatasi yake. Kumbe lile chaguo la asubuhi lilikuwa bado limekaa palepale. Muhuri wa kona ya juu kulia ukabaki nusu, namba ya hati haipo, ofisi walikopeleka wakaikataa, na mimi faili la mwanzo sina. Mzee akarudi, nauli ya kwenda na kurudi nikalipa mimi. Usidanganyike na udogo wa digrii: A4 ya DPI 300 ni pikseli (nukta za picha) 2480 kwa 3508, ukiizungusha digrii 2 tu inataka upana wa kama 2600, yaani kama sentimita moja zaidi, na muhuri unakaa hukohuko pembeni. "Clip" nayo inakata, usiiguse.

Andika digrii, jaribu. Ikielekea upande mbaya weka alama ya kutoa mbele ya namba.

5. Bado itaonekana imekatwa, usipige kelele. Leya, yaani picha yenyewe, imekua ila turubai, yaani eneo linaloonyeshwa, ni ileile. Nenda "Image", halafu "Fit Canvas to Layers", kona zinarudi.

6. Bonyeza D ili rangi ya nyuma iwe nyeupe, kisha "Flatten Image". Vile viraba vya kijivu vya kona vinakuwa vyeupe.

7. Export. Jina jipya.

MASWALI

kopi_fasta: Mkuu mbona yangu imekatwa tu, GIMP yenu mbovu
— Hatua ya 5.

kopi_fasta: Nimefanya zote
— Hujafanya. Ungefanya usingekuwa hapa.

kopi_fasta: Ok imekubali 🙏

dada_wa_uchapaji: Samahani kaka, mimi kinazunguka kipande cha katikati tu, karatasi yenyewe imebaki vilevile.
— Una sehemu uliyoichagua bila kujua dada. Rudisha nyuma kwa Ctrl+Z, halafu Ctrl+Shift+A, anza upya hatua ya 4.

juma_pikseli: Nikizungusha mara tatu nne mpaka nipate sawa, maandishi yanakuwa kama yana ukungu. Kwa nini?
— Swali zuri hili. Ukizungusha digrii 1.7 pikseli hazianguki tena kwenye vyumba vyake, programu inakisia rangi kwa kuchanganya majirani, na kila mzunguko inakisia juu ya makisio ya mwanzo. Ndiyo maana nikasema pima kwanza. Ukikosea Ctrl+Z halafu weka namba mpya, usizungushe juu ya iliyokwisha zungushwa. Digrii 90 na 180 hazina shida hiyo, pikseli zinahama vyumba tu. Ila JPG ukiiseva upya inapoteza kidogo hata hivyo, kwa hiyo kama ni kugeuza 90 tu tafuta programu ndogo ya jpegtran, inageuza bila kubana upya.

juma_pikseli: Na nikiwa na kurasa 200?
— Hapo GIMP utazeeka nayo. Tumia ImageMagick, programu ya kuandikia amri, amri hii kwa kila ukurasa: magick kopi.png -background white -deskew 40% +repage safi.png. Inapima yenyewe na haikati kona. Usitumie amri yake nyingine, mogrify, kama hujatoa kopi, inaandika juu ya faili lako, na mimi nauli nyingine silipi.

bwana_steshenari2: Nyongeza, karatasi nyepesi ambayo maandishi ya nyuma yanaonekana, weka karatasi nyeusi mgongoni mwake kabla ya kufunga mfuniko.
— Kweli kabisa. Na futeni kioo jamani, ule mstari unaoshuka kila ukurasa mkitumia kile kilishio cha juu kinachovuta karatasi chenyewe ni tone la gundi tu kwenye kale kakioo kembamba ka pembeni.

kopi_fasta: Mkuu hii inafanya kazi kwenye simu?
— Nimeandika natumia nini, mstari wa pili.