Namna ya Kuujenga Ushirikiano wa Huduma Kanisani juu ya Msingi wa Kiroho

Kiongozi anayeona kwaya mbili za usharika mmoja hazisikilizani, au idara ya wanawake na idara ya vijana zikipanga semina siku moja bila kuambiana, kwa kawaida hukimbilia ratiba mpya, kamati mpya au kanuni kali zaidi. Ratiba ina nafasi yake, lakini kazi hii inatakiwa ianzie kwenye sala ya Bwana Yesu katika Yohana 17. Usiku ule wa kukamatwa kwake aliwaombea mitume na wote watakaomwamini kwa sababu ya neno lao, akaomba wawe na umoja ili ulimwengu upate kusadiki. Umoja wa watumishi, basi, ni sehemu ya ushuhuda wenyewe. Naye Paulo, akiwa kifungoni, aliwaandikia Waefeso wajitahidi kuuhifadhi umoja wa Roho katika kifungo cha amani, akiuhesabu kuwa umekwisha kutolewa. Kikao cha viongozi kinachoamini hivyo kitatafuta kwanza jambo linaloharibu kile ambacho Mungu amekwisha kukitoa.

Kabla ya kupanga mkutano wa injili au mwaka mpya wa huduma, tengeni kikao kizima kisicho na ajenda nyingine isipokuwa Neno na maombi. Someni Wafilipi 2:1-11 kwa sauti, nyamazeni kwa muda, kisha kila mkuu wa idara aombee idara ya mwenzake badala ya kuombea ya kwake. Atakayeombea idara asiyoifahamu atalazimika kwanza kuuliza mahitaji yake, na mara nyingi mazungumzo hayo mafupi hufungua mengi kuliko hotuba ya mchungaji.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu, nayo ni upatanisho. Bwana alisema kwamba anayeleta sadaka yake madhabahuni, akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache na aende kwanza akapatane naye. Katika Mathayo 18 akaweka utaratibu: nenda kwake ninyi wawili peke yenu, asiposikia, chukua mmoja au wawili, na mwisho liambie kanisa. Sharika nyingi huufuata utaratibu huu kinyume, kwani neno huanzia kwenye kundi la simu au kwenye ombi la hadharani lenye mafumbo, na mhusika hulisikia akiwa wa mwisho. Wekeni makubaliano kwamba hakuna kikao kitakachopokea lalamiko juu ya mtumishi kabla mlalamikaji hajasema kama amekwisha kuonana naye. Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, hadi Uganda, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930 ulifundisha jambo hili kwa vitendo, maana ndugu walitubu mbele ya wenzao, Waafrika na wamisionari wa Kizungu waliombana msamaha, na vikundi vya ushirika vilikusanya watu wa makanisa na makabila mbalimbali.

Hata hivyo, toba ya hadharani inahitaji ulinzi. Anayetubu aseme dhambi yake na asifichue ya mwingine. Tena, wizi wa fedha, unyanyasaji na madhara kwa watoto visifunikwe kwa jina la upatanisho. Mambo hayo hupelekwa kwa mamlaka ya kanisa na kwa vyombo vya sheria, na aliyeumizwa asisukumwe kukutana peke yake na aliyemuumiza.

Kisha tazameni mgawanyo wa mali na nafasi. Manung'uniko ya Matendo 6 yalihusu chakula: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwakemea walalamikaji kwa kukosa upendo. Waliwaita wanafunzi wote, wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye kushuhudiwa kuwa wema, waliojawa na Roho na hekima, na majina yote saba, kuanzia Stefano hadi Nikolao wa Antiokia, ni ya Kiyunani. Ndivyo inavyofaa kufanya katika usharika: mtaa unaosema unasahauliwa upewe kiti katika kamati inayogawa, sadaka ihesabiwe na watu zaidi ya mmoja, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele ya wote. Paulo mwenyewe hakubeba peke yake mchango wa watakatifu wa Yerusalemu, akisema katika 2 Wakorintho 8 kwamba alijiepusha na lawama.

Kuhusu karama, inatosha kila mtumishi ajue kazi yake inapoishia na ya mwenzake inapoanzia, kama vile Paulo alivyopanda na Apolo akatia maji.

Mkitaka kushirikiana na makanisa ya madhehebu mengine, jifunzeni kutokana na mkutano wa Kikuyu, nchini Kenya, wa Juni 1913. Wamisionari wa Anglikana, Presbiteri, Methodisti na wengineo walijadili shirikisho la huduma zao, kisha wakafunga kwa Meza ya Bwana iliyoongozwa na Askofu Peel wa Mombasa katika kanisa la misheni ya Scotland. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, naye Mwanglikana, alipinga vikali ushirika huo wa Meza ya Bwana, na mabishano yakafika hadi kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Hata hivyo kazi haikufa: mwaka 1918 misheni hizo ziliunda muungano wa pamoja, na kutokana nao ikazaliwa Shule ya Sekondari ya Alliance mwaka 1926. Kwa hiyo, anzeni na huduma isiyodai kwanza makubaliano juu ya sakramenti, kama vile kuwatembelea wagonjwa na wafungwa au kuwasaidia waliokumbwa na mafuriko. Andikeni mapema mambo matatu: nani atahubiri, fedha zitatunzwa na nani, na wapya watakaoamini watapelekwa kanisa gani. Swali hili la tatu liulizwe mapema na kwa uwazi, kabla viti havijapangwa uwanjani, kwa sababu likiachwa hadi siku ya mwisho ya mkutano kila mchungaji atakuwa tayari na daftari lake la majina.