Somo: Kupanga bakteria kwa umbo na ukuta wa seli (soma hadi mwisho kabla ya kuuliza)

Naandika mara moja ili nikiulizwa tena nielekeze hapa. Maswali ni mawili, na moja halijibu jingine: bakteria ana umbo gani, na ukuta wake umejengwaje? La pili hulioni kwa macho hivi hivi, ndiyo maana tunatumia rangi, kwa njia aliyoitoa Hans Christian Gram mwaka 1884. Njia hiyo inawagawa bakteria makundi mawili kwa ukuta wao: Gram chanya na Gram hasi.

Hatua ya 1. Pakaza sampuli kwenye slaidi, tabaka jembamba. Iache ikauke yenyewe.

Hatua ya 2. Pitisha slaidi juu ya moto haraka mara mbili tatu ili bakteria washike. Ikikuunguza mgongo wa mkono, umezidisha.

Hatua ya 3. Kristali violeti (rangi ya zambarau) dakika moja, suuza. Iodini dakika moja, suuza. Sasa wote ni zambarau, chanya kwa hasi.

Hatua ya 4. Alkoholi. Slaidi nyingi zinafia hapa. Iodini imeungana na violeti ndani ya seli na kufanya chembe kubwa. Gram chanya wana tabaka nene la peptidoglaikani, kitu kinachojenga ukuta wa bakteria; alkoholi inalikausha, linajibana, rangi inabaki ndani. Gram hasi wana tabaka jembamba mno, na juu yake utando wa nje wenye mafuta. Alkoholi inauyeyusha utando huo na rangi inatoka. Sasa sikiliza: ukizidisha, hata chanya watapauka na utawaita hasi. Ukipunguza, hasi watabaki zambarau. Inamisha slaidi, dondosha tone kwa tone, na tone likianza kushuka bila rangi, suuza kwa maji PAPO HAPO. Ni suala la sekunde. Usiende kujibu simu. Na kama hatua ya 1 ulipaka nene, hakuna muda utakaokuwa sahihi: juu patapauka, chini patabaki na rangi.

Hatua ya 5. Safranini (rangi ya pinki), nusu dakika hadi dakika moja. Suuza, kausha.

Hatua ya 6. Lenzi ya 100 na tone la mafuta. Zambarau ni chanya, pinki ni hasi. Kisha umbo: duara, fimbo, au waliojipinda. Tazama pia walivyokaa: vichala ni tabia ya Staphylococcus, minyororo ni ya Streptococcus. Amua mahali palipo na seli chache, si kwenye rundo.

MASWALI

Swali: Kwa hiyo duara wote ni chanya na fimbo wote ni hasi?

Jibu: Hapana. Rudi aya ya kwanza. Neisseria ni duara na ni hasi. Bacillus ni fimbo na ni chanya.

Swali: Mkuu, yangu imetoka nusu zambarau nusu pinki, tatizo nini?

Jibu: Hujasema sampuli ni ya nini, imeoteshwa muda gani, wala alkoholi uliiweka vipi. Nikisie? Bakteria wakizeeka ukuta unachoka, hata chanya wanatoka pinki. Tumia waliooteshwa saa 18 hadi 24, na pembeni kwenye slaidi hiyo hiyo paka Staphylococcus aureus (chanya) na Escherichia coli (hasi). Hao wawili wakikataa, kosa ni la mkono wako.

Swali: Je, wapo wasioingia kundi lolote?

Jibu: Swali zuri hili. Mycobacterium, akiwemo wa kifua kikuu, ukuta wake umejaa asidi ya mikoliki, ni kama nta. Rangi hizi hazimwingii vizuri, hivyo tunatumia njia nyingine ya rangi, Ziehl-Neelsen. Mycoplasma hana ukuta kabisa. Ndiyo maana penisilini haimfanyi kitu: dawa hiyo inazuia ujenzi wa ukuta, naye hajengi.

Swali: Kuna namna ya kuhakikisha bila rangi?

Jibu: Ipo. Kwa kitanzi (waya wa kuchotea bakteria) chukua bakteria kutoka kwenye sahani walikooteshwa, changanya na tone la potasiamu hidroksidi ya asilimia 3, kisha inua kitanzi polepole. Hasi seli zao hupasuka, DNA inatoka, na mchanganyiko unavutika uzi. Chanya hauvutiki. Vaa glavu na miwani, kitu hicho kinaunguza.